Beringi ya Bakari

Zamani, kabla ya haya maji ya kijani mnayotia kwenye rejeta, sisi tulikuwa tunaonja. Gari likija limechemka, unangoja lipoe, unafungua kifuniko kwa kitambara, unachovya kidole na kukiweka ulimini. Msifanye hivyo leo. Maji ya kijani ni sumu, na kinywa chenu bado nakitakia mema. Lakini mjue kwamba fundi wa Changamwe aliweza kujua gari linalala wapi bila kumuuliza mwenyewe. Maji yakiwa matamu, mtu huyu ana mfereji nyumbani. Yakiwa na chumvi ya kukunja uso, hilo ni gari la Kisauni linalonyweshwa kisimani, na pampu yake ya maji imeshaanza kuliwa.

Aliyenifunza kuonja ni Babuji, mzee wa Kisingasinga aliyekuwa na gereji karibu na barabara ya malori. Alikuwa na kilemba cha rangi ya machungwa ambacho sikuwahi kukiona na doa la oili, ilhali mimi nilikuwa najipaka mpaka masikioni. Mambo mengi aliyonifunza yamepitwa na wakati. Mawili hayajapitwa. La kwanza, maji ya chumvi hula chuma polepole na kimyakimya, kwa hiyo usingoje kuona ndipo uamini. La pili, kipuri cha zamani si chako. Ukibadilisha kitu kwenye gari la mtu, kile ulichokitoa unakifunga kwenye gazeti na kumkabidhi, hata kiwe kimevunjika vipande. Yeye ndiye atakayekitupa. Wewe huna ruhusa.

Watu husema desturi hii ni ya kuthibitisha kwamba hukumdanganya mteja, na ni kweli inasaidia. Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye kwa miaka mingi alibeba nyumbani kila plagi, kila mkanda, kila boliti tuliyomrudishia. Asubuhi moja mkewe akaja gerejini na karai kichwani, akalimwaga lote mbele ya Babuji.

"Haya, mzee," akasema. "Gari lake lote hili hapa. Liungeni, mumpe, na mimi nipate pa kuweka unga."

Babuji alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatuamuru tuokote kila kitu, tukirudishe kwenye karai, na tumsindikize mama wa watu nalo mpaka nyumbani.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kushika spana. Mimi zangu nimeziweka chini, magoti hayakubali tena. Ila pampu ya mwisho niliyoijenga upya sikuijengea gerejini. Niliijengea barazani Mtopanga, nyumbani kwa marehemu, mjane wake akiwa nyuma ya pazia. Marehemu alikuwa rafiki yangu. Nataka kuwaeleza pampu ile toka boliti ya kwanza, kwa sababu kuna mambo ndani yake ambayo hayamo kwenye hizo video za simu zenu.

Bakari alikuwa karani bandarini. Alipokuwa kijana alinunua gari la spoti kutoka kwa mzungu mmoja wa hoteli ya Bamburi aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa gari dogo, jekundu, la chini kabisa, ukikaa ndani unaona miguu ya watu badala ya nyuso. Lilikuwa na viti viwili tu. Bakari na mkewe, Bi Zuhura, hawakujaliwa watoto, na Bakari akipenda kusema kwamba gari lenyewe lilijua mapema. "Viti viwili, basi. Huyu na mimi." Alilisema kwa kicheko, na Bi Zuhura alicheka naye, na nyinyi mkikua mtajua kwamba kuna vicheko vinavyofanya kazi ngumu.

Mimi ni Mtaita, nimelelewa mlimani, na Bakari hakuniachia hilo. Tuligombana juu ya maji miaka mingi ya urafiki wetu, maana alilinywesha gari lake maji ya kisima cha msikiti uliokuwa kwenye kona ya mtaa wao.

"Bakari, maji haya ya msikitini yanakula pampu."

"Astaghfirullahi. Maji wanayotawadhia waumini yatakula pampu?"

"Waumini hawachemki."

"Hujawaona Ijumaa wakitafuta viatu vyao."

"Tega maji ya mvua, ndugu yangu. Hayana chumvi. Weka ndoo chini ya bati, basi."

"Mtaita wewe umezoea maji yanayotoka mwambani kama maziwa. Sisi watu wa pwani damu yetu ina chumvi, na gari langu ni la pwani."

Kosa hili msilicheke. Wako wengi mpaka leo wanaochota maji ya visima vya huku wakadhani maji ni maji. Yale ya msikitini yalikuwa na baraka, sibishi, lakini baraka yake haikuwa ya kulinda shaba na chuma.

Sasa nieleze pampu, ili tuende pamoja. Ndani ya ganda lake mna shafti moja. Mbele ya shafti pana puli, inayozungushwa na mkanda wa feni. Nyuma yake pana pangaboi dogo linalosukuma maji kwenda kwenye injini. Katikati shafti imeshikwa na beringi, ili izunguke bila kusuguana, na sili, ili maji yasifike kwenye beringi. Sili ikichoka, maji yanapenya na kudondokea kwenye kitundu kidogo chini ya ganda. Kitundu hicho kiliwekwa makusudi ili kukuarifu. Msikizibe kamwe. Nimewaona mafundi wanakiziba kwa gundi na kumwambia mteja kwamba gari limepona. Maji yakikosa pa kutokea yanaingia kwenye beringi, grisi inatoka, kutu inaingia, na beringi inaanza kupiga kelele.

Ya Bakari ilipiga kelele miaka. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kupanda na kushuka, kama mzee mwenye pengo anayejaribu kupiga mbinja. Toka kona ya msikiti ulikuwa unausikia. Mtaa mzima uliujua. Bi Mishi, shangazi yake Bi Zuhura aliyekaa nyumba ya pili na kuuza barafu za ukwaju kwa watoto, alikuwa akiusikia anapiga ukelele ukutani: "Zuhura! Mumeo yuwaja!" Lakini Bi Zuhura alikuwa ameshausikia zamani, na birika limeshapanda jikoni. Gari likiingia uani chai ilikuwa inamiminwa. Nimekunywa chai hiyo mara nyingi na sikuwahi kuikuta imepoa, wala sikuwahi kuingoja.

"Bakari, mlio huo ni beringi. Yaomba kubadilishwa."

"Jumamosi, inshallah."

Jumamosi zilikuja na kwenda, naye alikuwa na harusi, au hitima, au mpira. Kisha akaja akaugua. Siku aliyorudi kutoka kliniki aliliegesha gari uani, likaacha dimbwi la maji chini yake, na hakuliwasha tena. Alifariki kabla ya masika. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama nje ya makaburi, maana mimi ni Mkristo na sikujua nisimame wapi, mpaka mdogo wake Swaleh akaja akanishika mkono, akanipeleka mbele na kunipa udongo nitie.

Swaleh ana duka la vyombo Likoni. Ni mtu mzuri, msimchukie kwa haya yanayofuata. Alinipigia simu mvua zilipoanza.

"Fundi, shikamoo. Nina jambo la spoti ya kaka. Wenyewe warithi tumekaa. Limeoza pale uani, panya washaingia. Mimi nimesema hivi: eda ya shemeji ikiisha, gari likiwa lawaka na kwenda, na libaki kwake, hapana wa kumuuliza. Likiwa ni chuma tu, mtu wa chuma chakavu ataja na msumeno wake alikate. Ua ni mdogo, na yeye atahitaji nafasi."

"Yeye mwenyewe asemaje?"

"Asema umwendee wewe."

Kwa msiojua, mjane wa Kiislamu hukaa eda. Ni miezi ya kutulia nyumbani. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, wala hakai na wanaume wasio wa nyumba yake. Nilimwambia Swaleh tulikokote gari hadi gereji ya kijana wangu mmoja Changamwe, ambako kuna vaisi ya kubania chuma na mwanga. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo kupitia kwake: Bi Zuhura hataki. Gari likitoka kwa kukokotwa, asema, halirudi. Litengenezwe pale pale, asikie linavyotengenezwa.

Basi nikaenda Mtopanga na sanduku langu. Bi Mishi aliketi kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, ili heshima ipate mlinzi. Bi Zuhura alikaa chumbani, dirisha wazi, pazia limeshuka. Baina yetu palikuwa na hatua mbili tu, lakini mambo yalipita kwa Bi Mishi.

"Mwambie fundi koki ya chini ya rejeta huwa ngumu," ikasema sauti nyuma ya pazia.

"Asema koki ya chini huwa ngumu," Bi Mishi akaniambia, kana kwamba nimekaa ng'ambo ya feri.

"Mwambie nimesikia."

"Asema asikia."

"Mwambie Bakari huigonga kidogo upande wa kushoto, ndipo huifungua."

"Asema Bakari huigonga… Lo! Nyinyi mwasikizana vyema kabisa, mimi mwanifanya nini, simu? Zungumzeni. Mungu awaona mna haja."

Tukazungumza. Alisema "huigonga", wala si "alikuwa akiigonga", na hakuna aliyemsahihisha, hata Bi Mishi ambaye alisahihisha kila kitu duniani. Nikaigonga koki upande wa kushoto, ikafunguka. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Nikachovya kidole, kwa mazoea.

"Chumvi?" akauliza.

"Ya msikitini, shemeji."

Nilisikia pumzi, ambayo karibu iwe kicheko.

Vijana, boliti zilizoshika kutu msishindane nazo. Ukilazimisha, kichwa kinakatika na mkia unabaki ndani ya injini, na hapo unaanza kazi nyingine. Babuji alikuwa akisema, "Ipe mafuta ya taa, nenda ukanywe chai." Nilizipa mafuta ya taa nikaenda zangu nyumbani Mikindani, nikarudi kesho yake nikazipa tena. Siku ya tatu zikaja zenyewe kwa upole, ila moja, na hiyo niliipasha moto. Pampu ikatoka.

Baina ya pampu na injini hukaa gasketi, karatasi ya kuzuia maji yasivuje. Niliibandua ile ya zamani kwa kisu, nikaona maandishi. Bakari alikuwa ameikata mwenyewe, mwaka ambao mimi nilikuwa kwetu Taita kwa mazishi ya mama, kutoka kwenye kalenda ya nyakati za swala. Upande mmoja alfajiri za mwezi mzima zilikuwa zimesalia, tarakimu ndogo ndogo, zimelowa oili. Alikuwa amelizunguka kila tundu la boliti kwa mkasi wa kushonea.

"Umenyamaza, fundi," Bi Zuhura akasema.

"Naangalia kazi ya mumeo."

"Mbaya?"

"La. Nzuri. Kwenye kona amekata kwa uangalifu kunishinda mimi."

Nikampitishia ile karatasi chini ya pazia. Kisha nikashughulika na puli, ambayo haikuhitaji kushughulikiwa.

Kisha likaja jambo la kuvunja moyo. Nilipoigonga shafti kutoka kwenye ganda, pangaboi lilibaki mkononi mwangu vipande vipande. Chumvi ilikuwa imelila toka ndani. Mabawa yake yalimeguka kama mkate wa mofa uliochovywa kwenye mchuzi. Beringi na sili hupatikana, nitawaambia jinsi ya kuzipata, lakini pangaboi la gari la aina ile halikuwako duka lolote la mji huu. Swaleh alikuja jioni, akalitazama, akatafuta kwenye simu yake. Pampu nzima ilikuwako Ulaya. Ingefika baada ya eda kwisha.

"Basi tena, fundi," akasema taratibu, akitazama pazia. "Umejitahidi. Allah atakulipa."

"Ngoja mpaka Ijumaa," nikamwambia, wala sikuwa na la kufanya hiyo Ijumaa.

Alipoondoka, Bi Zuhura akauliza, "Hilo lililovunjika lina umbo gani?"

Nikamweleza: kisahani cha chuma, katikati tundu, pembeni mabawa yamejikunja yote upande mmoja.

"Kama ua la mgomba lililofunguka?"

Sikuwahi kulifikiria hivyo. "Ndiyo, shemeji. Hasa."

Nikasikia kitanda kinasukumwa. Kisha likapita chini ya pazia kopo la maziwa ya unga, la zamani, zito. Ndani yake kulikuwa na kila kipuri nilichowahi kumrudishia Bakari kwenye gazeti tangu nilipomjua. Plagi. Platini. Koili. Na chini kabisa, bado imefungwa gazeti langu, pampu ya kwanza kabisa niliyoitoa kwenye gari lile tulipokuwa vijana, kabla kisima cha msikiti hakijachimbwa. Beringi yake ilikuwa imekufa, ganda limepasuka, lakini pangaboi lilikuwa zima, bawa kwa bawa.

"Nilimwambia atupe," Bi Zuhura akasema. "Akasema, Mtaita kanipa kwa mikono miwili, nitatupaje?"

Nililazimika kuondoka pale barazani, nikaenda nikanawa uso uani. Bi Mishi alinisogezea kitambaa nijifutie.

Sasa sikizeni, hapa ndipo kazi yenyewe. Beringi ina namba pembeni, imechongwa kwenye chuma. Isafishe, isome kwa mwanga wa jua, kisha usiende duka la magari. Nenda duka la beringi. Kwao gari si kitu, wao wanauza namba. Beringi za spoti ya Bakari nilizipata Changamwe kwa mtu anayewauzia wenye vinu vya kusagia mahindi. Sili nayo ipime: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kisha utafute gari lolote linaloikaribia. Yangu ilikuwa ya pikapu.

Kuitia beringi kwenye ganda usiipige nyundo. Ukiipiga unaiua kabla haijafanya kazi siku moja. Chuma kikipata moto hupanuka, kikipata baridi hunywea, basi tumia hilo. Beringi na shafti nilizitia kwenye friza ya Bi Mishi, katikati ya barafu zake za ukwaju.

"Mtoto akija kuuma chuma nitamleta kwako," akaniambia.

"Atakuwa na meno imara."

"Hata aibu huna, Mtaita."

Ganda la pampu nilimpa Bi Zuhura, akalitokosa kwenye sufuria kama muhogo. Lilipokuwa moto sana akalisukuma nje kwa kitambara, nikazitoa beringi kwenye friza, nikaziteremsha. Ziliingia zenyewe, kwa mlio mdogo wa "tk", zikatulia. Hapana furaha ndogo nzuri kuliko hiyo katika ufundi wote, nami nawaombea muipate. Sili uilowanishe kwa maji kabla ya kuiweka, isisuguane ikiwa kavu. Pangaboi ulisukume mpaka liache nafasi ya unene wa bapa la msumeno wa chuma kati yake na ganda. Likigusa litasaga. Likiwa mbali halitasukuma maji. Gasketi mpya niliikata kwa kuweka karatasi ngumu juu ya uso wa pampu na kuigonga pembeni kwa kinyundo mpaka ikajikata kwenye ukingo. Ni njia ya Babuji, na haihitaji mkasi wa kushonea. Lakini kusema kweli nilitamani kuikata kwa mkasi.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, Swaleh alifika akiwa bado na kanzu. Nilikuwa nimefunga kila kitu. Nikageuka kutafuta maji, nikijiandaa kwenda kununua dumu.

"Fundi," ikasema sauti nyuma ya pazia. "Nyuma ya mlango wa jikoni."

Nyuma ya mlango kulikuwa na madumu, yamepangwa, yamefunikwa vitambaa vyeupe. Tangu mvua zilipoanza alikuwa ameweka ndoo na makarai chini ya bati la jikoni, upande wa nyuma wa ua wake asioruhusiwa kutoka, na kuyachuja maji kwa kanga.

"Alikuwa akikubishia wewe," akasema, "lakini mimi nilikuwa nasikia."

Nikatia maji ya mvua, polepole, ili hewa itoke. Nikageuza ufunguo. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka. Nikaiacha ikazunguka. Mshale wa joto ulipanda mpaka katikati ukasimama hapo kama mtu aliyefika kwao. Nikachungulia chini, kitundu kikavu. Nikaweka sikio kwenye bisibisi na bisibisi kwenye pampu, kama Babuji alivyonifunza. Kimya. Beringi zilizunguka kama hazimo.

"Mashallah!" Swaleh akasema, akapiga paa la gari. "Basi yamekwisha. Shemeji, gari ni lako, hapana atakayeligusa. Mimi mwenyewe nitawaambia wenzangu."

Bi Zuhura akasema, "Fundi, liendeshe mpaka kona ya msikiti, kisha urudi nalo."

Nikaenda. Watoto walikimbia pembeni. Nikageuza pale msikitini, watu walikuwa bado wanatoka, mzee mmoja akaweka mkono kifuani alipoliona lile gari. Nikarudi taratibu, gia ya pili, nikaingia uani, nikazima. Nilijivuna, siwafichi. Kwa fundi, ukimya wa namna ile ni sifa.

Pazia halikutikisika. Nikangoja. Mwisho Bi Zuhura akasema, "Bado hujarudi?"

"Nimerudi, shemeji. Niko hapa uani."

"Umerudi?"

"Nimerudi. Nimeshazima."

Akasema kwa sauti ndogo sana, "Sikukusikia."

Swaleh alitazama chini. Bi Mishi akajifunika uso kwa ukaya. Jikoni nilisikia birika linaanza kutokota, limechelewa, na hapo ndipo nilipofahamu nilichokitoa kwenye gari lile. Hakuna aliyekosea. Beringi iliyokufa haikai. Nikirudishwa leo pale barazani nitaibadilisha tena. Lakini miaka yote ile alikuwa akimpokea mumewe kwa mlio ule, toka kona ya msikiti mpaka mlangoni, naye alikuwa ameketi nyuma ya pazia akingoja kuusikia mara moja tu.

Nikafanya nilichofunzwa. Beringi ya zamani nilikuwa nimeifunga kwenye gazeti. Nikaiweka dirishani kwa mikono miwili.

"Shemeji, kipuri chako."

Mkono ukaichukua. Gazeti likafunguliwa. Nikasikia anaizungusha kwa kidole. Haukuwa ule mlio wenyewe, ulikuwa kitu kidogo, mkwaruzo mwembamba uliopanda na kushuka. Akaizungusha tena.

Mkiwa na haraka ya kumfurahisha mtu, wanangu, kabla ya kutoa kitu kinachopiga kelele, liwasheni gari na mumwite mwenyewe asikilize. Kisha kitoeni. Nacho mkifunge, mkampe.

Eda ilipokwisha nilikwenda kumwamkia. Sasa tuliketi uso kwa uso, Bi Mishi akitumenyea machungwa. Gari lilikuwa limeoshwa, na binti wa jirani alikuwa akimfunza kuliendesha, na Bi Mishi alikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo. Beringi ilikuwa kwenye kidirisha, juu ya ile karatasi ya alfajiri. Aliichukua, akanionyesha upande mmoja.

"Imeanza kutu," akasema. "Hewa ya huku. Niitie mafuta?"

Maisha yangu yote nimewaambia watu watie mafuta.

"Usiitie, shemeji," nikasema. "Itanyamaza."